Kilima Kilichozima Moto

Wakati wa vita vya Wazungu viberiti vilipotea kabisa katika maduka ya Masisi. Kwenye kilima kimoja juu ya Burungu watu hawakuhangaika sana. Huko moto haukuwa mali ya mtu mmoja. Ukikuzimikia, unashika konzi ya nyasi kavu, unasimama mlangoni kwa jirani na kusema, "Nipe moto," naye hawezi kukunyima, hata kama jana mligombana juu ya mpaka wa shamba la maharagwe. Ulizimwa kwa makusudi kwa sababu moja tu. Nyumba ikifiwa, mafiga yalimwagiwa maji, na majivu yakakaa baridi mpaka marehemu azikwe.

Kwa hiyo tangazo la Mwalimu Viateur, Jumapili ya Matawi, liliwanyamazisha watu wote kanisani.

"Ijumaa Kuu, saa tisa, Bwana wetu anakufa," alisema. "Sasa mutu akikufa kwenu, munafanya nini na moto?"

"Tunazima," watu walijibu.

"Basi. Kilima kizima kitakuwa na musiba. Kila nyumba itazima. Padri atafika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi atapiga jiwe, atatoa moto mupya, atabariki, na kila mutu atabeba wake."

Kule nyuma alikaa mzee Kanyamibwa, mwenye ng'ombe na mwenye kiko kisichotoka mdomoni. "Na kama Padri anachelewa?" aliuliza.

"Padri hachelewi Pasaka."

"Miye sisemi Padri. Miye nasema mvua."

Watu walicheka. Viateur hakucheka.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa katekista wa kilima kile tangu kanisa lao la nyasi lilipojengwa; yeye ndiye aliyepiga ngoma ya sala asubuhi na jioni, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo ngoma ile ilikosa kulia. Lakini sala zenyewe alizipita kama mtu anayeteremka njia anayoijua mno, miguu inakwenda yenyewe na kichwa kiko kwingine. Midomo ikisema Salamu Maria, macho yake yalikuwa wazi, yanatafuta nani hakuja. Mkewe Béata alimwambia siku moja, "Papa, unasali sawa mutu anapukuchua mahindi." Naye alijibu kwa furaha kwamba mahindi yanapukuchuliwa yakaisha, si ndivyo?

Wiki ile alikuwa na ndoto moja. Alitaka Padri Benoît, akipanda kutoka upande wa Mushaki, ainue macho aone kilima kizima bila moshi hata mmoja. Aliifikiria picha hiyo usiku na mchana. Aliamini kwamba huko ndiko kumpenda Mungu.

*

Miongoni mwa watu waliokuwa wabatizwe Jumamosi ile alikuwamo Nyiramana, mjane wa makamo. Alikuwa amefuata mafundisho miaka minne, na mafundisho hayakumwingia kwa urahisi. Alichanganya amri za Mungu na amri za Kanisa, akaweka ya sita mbele ya ya nne, na Viateur alimrudisha nyuma mara nyingi. Lakini jina lake la ubatizo alilichagua tangu mwaka wa kwanza. Dancille. Alilisema polepole akiwa shambani, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Kila mtu alijua kwa nini alivumilia. Binti yake wa pekee, Rosalie, alibatizwa shuleni, kisha homa ikamchukua. Siku ya maziko Viateur alimwambia mama kwamba mtoto yuko kwa Mungu, na kwamba asiyebatizwa hafiki kule. Alisema kama ilivyoandikwa katika kitabu chake cha mafundisho, kisha akaenda kupiga ngoma ya jioni. Nyiramana alibaki na maneno yale. Wiki iliyofuata alikwenda kuandikwa mafundishoni.

Mwezi mmoja kabla ya Pasaka jirani yake Mukasine alijifungua kabla ya wakati, akafa. Mumewe, Nzabandora, alikuwa amepelekwa kufanya kazi katika machimbo ya Walikale, mbali kule msituni, na habari ilikuwa haijamfikia. Kitoto kile kilikuwa kidogo kama kiazi kitamu. Viateur aliitwa haraka. Alikimwagia maji kichwani, akakiita Damien, akasema maneno yanayotakiwa, na akarudi nyumbani akingoja kuitwa tena kwa maziko ya mtoto. Hakuna aliyemwita. Naye hakuuliza.

Nyiramana ndiye aliyemchukua. Alitandika manyasi laini na ngozi ya mbuzi kando ya mafiga, akalaza mtoto hapo. Alipasha jiwe moto, akalifunga katika kitambaa, akaliweka miguuni pake. Likipoa, alikuwa na jingine tayari. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wa Kanyamibwa, na Nyiramana aliyadondosha kwa ncha ya kidole mdomoni mwa mtoto. Alilala ameketi. Moto ule haukuzimika.

*

Ijumaa Kuu, saa tisa, ngoma ililia mara moja tu. Viateur alipita nyumba kwa nyumba na kibuyu cha maji, na watu wakamfuata wakiimba. Katika kila nyumba alimwaga maji kidogo juu ya makaa, makaa yakalia, moshi mweupe ukatoka mlangoni, na wenye nyumba wakapiga ishara ya msalaba. Ilikuwa na uzuri wake. Hata Kanyamibwa alitoa kiko mdomoni akakung'uta majivu, ingawa alikitazama kwa huzuni kama mtu anayeagana na ndugu.

Walipofika kwa Nyiramana, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Pita kando, Mama," alisema Viateur.

"Mwalimu, hii hapana."

"Hapana nini?"

"Hii moto. Iko ya mutoto. Ikizimika, atakufa."

"Mutafunika yeye na nguo mingi. Ni usiku moja tu."

"Umemuona?" aliuliza Nyiramana.

Viateur aligeuza kibuyu mkononi. Nyuma yake wimbo ulikuwa umekatika, na watu walianza kusogea wapate kusikia.

"Mama Nyiramana, Bwana wetu amekufa. Watu wote wamezima."

"Kwetu moto inazimwa kama mutu amekufa mu nyumba. Humu hakuna mutu amekufa. Nikizima, niko nasema huyu mutoto ni maiti. Na yeye iko napumua."

"Kesho uko wa kubatizwa."

"Najua."

"Mutu hawezi kukataa amri ya Kanisa leo, kesho aombe ubatizo. Unaelewa? Nitamuambia Padri. Utangoja mwaka ingine, ao zaidi."

Nyiramana alishusha macho. Wale waliokuwa karibu waliona mikono yake ikikaza miimo. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Dada, zima tu, tutakusaidia kumubeba." Hakugeuka.

"Kama ninakufa mbele ya ule mwaka kufika," alisema mwishowe, "Rosalie wangu ataniona niko inje ya mulango. Ataniuliza, Mama, sababu gani hukuingia? Nitamuambia nilikuwa na mutoto wa mutu." Aligeuza macho ndani, kwenye mafiga. "Atanielewa. Alikuwa mutoto ya huruma."

Viateur alisimama na kibuyu chake. Maji yalikuwamo bado. Kwa muda mfupi alihisi kitu kama aibu, hakukijua jina, akakisukuma kando. "Umechagua mwenyewe," alisema, na akawaongoza watu kwenda nyumba iliyofuata. Wimbo ulianza tena, lakini haukupanda kama mwanzo.

*

Mvua ilikuja jioni ile, mvua ya Masisi isiyo na radi wala hasira, inayoshuka tu na kushuka kana kwamba haijui kazi nyingine. Padri hakufika. Watu walilala wamejibana, ng'ombe na mbuzi ndani pamoja nao kwa ajili ya joto. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mashamba, na katika kila nyumba watoto walitafuna viazi vibichi na kulia.

Walikusanyika kanisani wakiwa wamejifunika mikeka na majani ya migomba. Viateur aliongoza rozari. Aliongoza ya pili. Kila alipotupia njia macho, ilikuwa tupu.

Kanyamibwa alikaa karibu na mlango, kiko kitupu mdomoni, akikivuta hivyo hivyo. "Mwalimu," alisema kati ya rozari mbili, "tazama kule."

Juu ya nyumba ya Nyiramana, kupitia nyasi za paa, moshi ulikuwa unapanda. Mwembamba, wa buluu, ulipita ndani ya mvua bila kukatika. Ndio peke yake katika kilima chote. Watu wote waligeuka wakautazama, kama watu wanaoona mnyama wa porini amesimama karibu nao bila woga.

"Iko ya mupagani," Kanyamibwa aliongeza, "lakini naona inapanda mbinguni sawa zingine."

Mama mmoja alicheka, akaziba mdomo.

Padri Benoît alifika asubuhi ikiwa imekwenda sana, tope mpaka kiunoni. Alikuwa mzee, ndevu zimelowa zimeshikamana. Mto ulikuwa umefurika. Mchukuzi wake Théogène aliteleza, na sanduku likaingia majini. Vitu vya Misa viliokolewa. Jiwe la kupigia moto lilikuwamo, na chuma chake. Pamba ya kushikia cheche ilikuwa kama uji.

Alipiga hata hivyo, chini ya paa la kanisa, watu wote wamemzunguka. Cheche zilitoka, nzuri, nyekundu, zikafa juu ya majani mabichi. Viateur alileta nyasi kutoka ndani ya paa. Zilikuwa na unyevu wa ukungu. Padri alipiga mpaka vidole vyake, vilivyokuwa vyeupe kwa baridi, vikaangusha chuma.

"Basi," alisema. "Mutu moja aende nyumbani kwake, alete kaa la moto."

Hakuna aliyetikisika.

"Hakuna, Padri," alisema Viateur.

"Hakuna wapi?"

"Kilima kizima. Tumezima jana, saa Bwana alikufa. Tulikuwa nangoja moto yako."

Padri aliwatazama watoto wanaotetemeka, na mikeka, na midomo iliyopauka. "Nani alisema vile?"

"Miye."

Padri hakumgombeza. Kugombezwa kungekuwa afadhali. Alimtazama tu, uso wake umechoka na una upole, kisha macho yake yakapita juu ya bega la Viateur, yakaenda mpaka ule moshi. "Na ile pale?"

Viateur alifunga koti lake. "Nitaenda," alisema.

*

Alichukua konzi ya nyasi kavu zaidi aliyoweza kupata, akaificha ndani ya koti lake, akashuka kwa njia ya utelezi. Mlangoni alisimama kama desturi inavyotaka, akafungua mdomo kusema "Nipe moto". Sauti iliyotoka ndani ikamzuia.

Nyiramana alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya mafiga, anapuliza. Kati ya pumzi na pumzi alikuwa anasali.

"Baba yetu," alisema, akapuliza. Makaa yakawa mekundu. "Uliye mbinguni." Akapuliza. Alitoa jiwe moja miguuni pa mtoto, akaweka jingine, akalijaribu kwanza kwenye shavu lake. "Utupe leo." Alichovya kidole katika maziwa, akakigusisha kwenye midomo midogo, akangoja. Midomo ikafumbuka, ikanyonya. "Leo," alisema tena. "Leo tu, Baba. Kesho nitakuomba tena."

Alikuwa ameruka mistari mizima. Kwa miaka minne Viateur alikuwa amemsahihisha mahali pale pale. Sasa alisimama katika matone ya paa, na ilionekana kwake kwamba sala ile hajawahi kuisikia. Aliisema asubuhi na jioni tangu ujana wake, na hakujua kwamba ndani yake kuna Mtu anayeombwa, aliye karibu hivi, anayesikia pumzi ya mwanamke juu ya makaa.

Na mtoto alikuwa hai. Yule aliyempa jina na kumngoja kaburini alikuwa amelala na macho wazi, meusi, makubwa kuliko uso wenyewe, akiutazama mwanga. Kifua chake kilipanda na kushuka, kidogo mno, kama kifua cha ndege mkononi. Damien. Viateur alikuwa ametamka jina hilo mbele ya Mungu, kisha akalisahau. Na hapa mtu mwingine alikuwa amelishika usiku na mchana ili lisianguke.

Hofu ilimpanda, si ya kumkimbiza, bali ile aliyowafundisha watoto kwa maneno tu: hofu ya mtu aliyefika mahali pasipo pake. Alipotazama chini aliona miguu yake mitupu katika tope. Alikuwa amevua viatu. Hakukumbuka kuvivua.

Nyiramana aligeuka. "Mwalimu. Umekuja na maji tena?"

"Nimekuja na nyasi," alisema. "Nipe moto, Mama."

Hakumnyima. Alishika nyasi zile, akaziingiza kati ya makaa, akapuliza, zikawaka. Akampa.

"Padri amefika," alisema Viateur. "Njoo."

"Mutoto hawezi mvua. Na wewe ulinitoa mu ubatizo."

"Nilikutoa, na nilikosa." Alisogea kando ya mlango kumpisha. "Sasa nakuambia njoo."

"Nikienda nani atapuliza?"

Alimtazama mtoto, akageuka. Alipanda akikimbia, mwili umeukumbatia mwali, koti limetandwa juu yake. Katikati ya njia upepo uligeuza mvua ikaingia kwa upande. Alipofika kanisani alifungua koti, na mkononi mwake palikuwa na majivu meusi na moshi kidogo.

Watu waliyatazama majivu yale. Kanyamibwa alitoa kiko mdomoni, akakirudisha.

"Padri," alisema Viateur, "moto haitaki kuja. Na ule mama hawezi kuiacha, iko na mutoto pale." Alieleza yote, mbele ya wote: jina alilolitoa na kulisahau, kibuyu, mlango, maneno aliyomwambia. Hakujipunguzia.

Padri Benoît alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akachukua mshumaa mkubwa wa Pasaka kwa mikono miwili. "Sisi tuko na miguu," alisema. "Twende."

Basi kilima kizima kikashuka kwenda kwenye nyumba moja. Walishuka bila wimbo, kwa uangalifu, wakishikana mikono kwenye utelezi. Walijaa uani, chini ya migomba, na Padri akainama kuingia mlangoni. Viateur alimfuata, na hata sasa mazoea yake yalimsumbua.

"Padri, hii moto haiko mupya. Kitabu kinasema ya jiwe."

Padri alimtazama mtoto. Alipiga magoti polepole kando ya mafiga, joto likampiga usoni, akafumba macho kidogo kwa raha. "Iliwashwa lini, Mama?"

"Siku alizaliwa," alisema Nyiramana.

"Basi iko mupya."

Alibariki makaa yale, akawasha mshumaa. Mwali ulisita, ukasimama wima. Uani watu waliuona kupitia mlangoni, na pumzi moja ikapita katikati yao kama upepo katika mtama. Padri aliimba kwa sauti yake iliyokwaruzwa na baridi kwamba huu ndio mwanga wa Kristo, nao wakajibu. Maneno yalikuwa ya kila mwaka. Ila safari hii hakuna aliyekuwa anangoja yaishe.

Nyiramana alibatizwa chini ya upenu wa nyumba yake, mtoto wa Mukasine kifuani mwake chini ya nguo, mlango wazi nyuma yake ili joto liwafikie. Padri alipomuuliza kama anasadiki, alisahau jibu. Alimtazama Viateur, kama alivyozoea kumtazama kwa woga. Viateur aliitikia kwa kichwa, kwa upole, macho yamejaa machozi, na hakumsahihisha kitu.

"Ninasadiki," alisema kwa maneno yake, "sababu nilimuita na alikuja."

"Jina lako?"

"Dancille."

Maji yalipomwagika alicheka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega na mtoto kutoka nyuma.

Baadaye kila mtu aliingia kwa zamu na kigae au konzi ya nyasi, akasema "Nipe moto," na Dancille akawapa wote. Kanyamibwa aliwasha kiko kwanza, kabla ya kitu kingine, na akasema haijawahi kuwa na tumbaku tamu hivyo. Théogène aliahidi kumpelekea Nzabandora habari kule Walikale, zile mbili pamoja, ya msiba na ya mtoto. Mvua ilipungua. Kutoka uani watu waliona moshi ukitoka nyumba hii, kisha ile, ukipanda kilima polepole, mpaka mapaa yote yalipovuta pumzi.

Viateur alifika nyumbani mwisho, kigae kimefunikwa kwa jani la mgomba. Béata alikuwa ameketi mbele ya majivu baridi, maharagwe yamelowekwa tangu jana. Viateur aliweka makaa, akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Moto ulishika.

"Tusali, Papa?" aliuliza mkewe.

"Baba yetu," alianza Viateur. Akanyamaza.

Béata alingoja. "Umesahau?"

"Hapana."

Chungu kilianza kuimba. Mwanga ulicheza juu ya mikono yake iliyochafuka majivu, naye akakaa hivyo, macho yamefumbwa, bado kwenye yale maneno mawili ya kwanza, hathubutu kuendelea.